Kasoro za kuzaliwa za ateri za ubongo

Kasoro za kuzaliwa za ateri za ubongo ni hitilafu za umbo, njia au idadi ya mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo, ambazo mtu huwa nazo tangu akiwa tumboni mwa mama yake. Baadhi hazimdhuru mwenye nazo maisha yake yote, na hugunduliwa kwa bahati tu anapopigwa picha kwa sababu nyingine. Baadhi humfanya mtoto mchanga ashindwe na moyo ndani ya siku chache, au humwangusha kijana aliyekuwa mzima kwa damu kuvuja kichwani.

Ni kasoro adimu. Hata hivyo zinastahili kujulikana nje ya vyumba vya madaktari bingwa, kwa sababu dalili zake (kifafa, kupooza upande mmoja, kichwa cha mtoto kukua kupita kiasi) ni zilezile za magonjwa ya kila siku, na kwa sababu mara nyingi hujitokeza kwa watoto na vijana, watu ambao hakuna anayewatarajia kupata kiharusi.

Ateri za kawaida za ubongo

Ubongo wa mtu mzima ni takriban 2% tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu 20% ya oksijeni ya mwili na hupokea kama 15% ya damu yote inayosukumwa na moyo mtu akiwa amepumzika. Hauna ghala la akiba. Damu ikikatika kabisa, mtu hupoteza fahamu baada ya sekunde zipatazo kumi, na seli huanza kufa baada ya dakika chache.

Damu hiyo hufika kwa ateri nne. Mbili ni karotidi za ndani, zinazopanda mbele ya shingo, moja kila upande; mapigo unayoyasikia ukibonyeza pembeni mwa koo ni ya shina lake. Nyingine mbili ni ateri za vetebra, zinazopita katika matundu ya pingili za shingo. Zikiisha kuingia ndani ya fuvu, ateri za vetebra huungana kuwa moja iitwayo ateri ya basila, kama vile Kikuletwa na Ruvu zinavyokutana Nyumba ya Mungu na kuwa mto Pangani unaopita Korogwe. Tofauti ni kwamba Pangani huishia baharini, ilhali basila hugawanyika tena kulisha sehemu ya nyuma ya ubongo.

Chini ya ubongo mifumo hii miwili, wa mbele na wa nyuma, huunganishwa na ateri ndogo zinazofanya mzunguko uitwao duara la Willis. Jina hilo ni la tabibu Mwingereza Thomas Willis (1621–1675), aliyelieleza duara hilo katika kitabu chake cha mwaka 1664 kuhusu anatomia ya ubongo. Michoro mingi ya kitabu hicho ilichorwa na Christopher Wren, yuleyule aliyesanifu kanisa kuu la St Paul's huko London. Willis anasimulia habari za maiti aliyoipasua ambayo karotidi yake moja ilikuwa imeziba, ilhali marehemu hakuwahi kupata kiharusi: ateri ya vetebra ilikuwa imepanuka na kubeba kazi ya ile iliyoziba.

Kazi ya duara hilo inaeleweka kwa urahisi na mtu yeyote anayekaa kando ya barabara kuu. Njia ya Chalinze kwenda Segera ikifungwa pale Kabuku, mwenye haraka ya kufika Tanga anaweza kuzunguka Bagamoyo, Saadani na Pangani. Atafika, lakini barabara ile haikujengwa kwa ajili ya mabasi na malori yote ya kaskazini. Jambo hilo la pili, yaani mzigo unaohamia kwenye njia ndogo, ndilo linaloeleza hatari za kasoro kadhaa zitakazotajwa hapa chini.

Ifahamike pia kwamba duara kamili kama linavyochorwa vitabuni hupatikana kwa chini ya nusu ya watu. Kwa wengi kipande kimoja ni chembamba mno au hakipo. Kwa takriban 20 hadi 30% ya watu, ateri kubwa ya nyuma ya upande mmoja au pande zote mbili hulishwa zaidi na karotidi badala ya basila, kama ilivyokuwa wakati wa ujauzito. Hayo ni maumbile tofauti tu, kama urefu na ufupi, wala hayaitwi ugonjwa. Mpaka kati ya tofauti ya kawaida na kasoro hauko wazi kila mara.

Jinsi ateri zinavyojengeka

Kasoro nyingi huanza katika wiki za mwanzo za ujauzito, mara nyingi kabla mama hajajua kwamba ana mimba. Katika wiki ya nne kiinitete chenye urefu wa milimita tano hivi tayari kina karotidi za ndani, lakini mfumo wa nyuma bado hauna chanzo chake. Kwa muda huo mfupi, damu ya nyuma huletwa na vijia vinavyotoka kwenye karotidi: ateri ya trijemina, ya otiki, ya hipoglosa, na ateri ya proatlasi iliyo chini zaidi, shingoni. Vijia hivi hudumu kwa takriban wiki moja. Kisha ateri za kuunganisha na zile za vetebra hukamilika, na vijia hufifia na kutoweka.

Mengi ya hayo yalijulikana kwa kazi ya Dorcas Padget, Mmarekani aliyeanza kama mchoraji wa picha za tiba katika hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore. Alichunguza viinitete vilivyokatwa vipande vyembamba, akachora ateri zake hatua kwa hatua, na mwaka 1948 akachapisha maelezo ambayo mabingwa wanayatumia hadi leo. Hakuwa daktari.

Kwa hiyo kasoro zinaweza kupangwa kwa swali rahisi: je, ni mshipa uliopaswa kujengeka ukakosekana, ni mshipa uliopaswa kutoweka ukabaki, au ni mishipa iliyounganishwa vibaya?

Ateri iliyokosekana

Mfano mkuu ni kukosekana kwa karotidi ya ndani. Kasoro hii hupatikana kwa chini ya mtu mmoja kati ya 10,000, na mara nyingi zaidi upande wa kushoto. Iliripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1787 na Tode, katika upasuaji wa maiti. Mwenye nayo anaweza kuzeeka bila kujua, kwa sababu damu ya upande wa pili na ya nyuma huvuka kwa duara la Willis.

Daktari huitofautishaje na karotidi iliyokuwepo kisha ikaziba? Jibu liko kwenye mfupa. Katika sakafu ya fuvu kuna mfereji ambamo karotidi hupita, na mfereji huo hujengeka kuizunguka ateri iliyokwisha kuwepo. Ateri isipojitokeza kabisa, mfereji nao haupo. Picha ya CT ya mifupa ya fuvu inatosha kuonyesha hilo. Kwa mtoto, dalili ya nje inaweza kuwa ndogo sana: kope la upande mmoja kulegea na mboni ya jicho hilo kuwa ndogo kuliko ya pili, kwa sababu nyuzi za neva zinazoelekea jichoni husafiri zikiwa zimeambatana na karotidi.

Hatari yenyewe huja na umri. Ateri zinazobeba mzigo wa ziada hudhoofika kuta, na ukuta dhaifu huweza kutuna kama puto. Uvimbe huo huitwa anyurisimu. Katika watu kwa ujumla anyurisimu za ubongo hupatikana kwa takriban 2 hadi 4%. Kati ya wagonjwa walioripotiwa kuwa hawana karotidi moja, kiwango kilichotajwa ni robo hadi theluthi. Tahadhari inahitajika katika kusoma takwimu hiyo ya pili, kwani wanaoripotiwa ni wale waliofika hospitali, na wale waliozeeka bila dalili hawamo katika hesabu.

Ateri iliyobaki

Kati ya vijia vile vya wiki ya nne, kinachobaki mara nyingi zaidi ni ateri ya trijemina. Huonekana kwa watu 1 hadi 6 katika kila 1,000 wanaopigwa picha za mishipa ya ubongo. Richard Quain aliieleza mwaka 1844. Ateri ya hipoglosa iliyobaki ni adimu zaidi, na nyingine mbili ni adimu kupita hizo.

Kwa kawaida ateri ya trijemina iliyobaki haileti ugonjwa. Mara chache hugusa neva ya trijemina na kusababisha maumivu makali ya ghafla shavuni au tayani, ambayo mgonjwa huyadhani ya jino. Umuhimu wake mkubwa ni kwa mpasuaji. Katika baadhi ya watu hupita karibu sana na tezi iliyo chini ya ubongo, au ndani ya kishimo chake, na bingwa anayeingia kwa njia ya pua kuondoa uvimbe wa tezi hiyo anaweza kuikata asijue kilichomtokea. Hali hiyohiyo huweza kuwapo kwa mtu asiye na karotidi moja, ambaye damu yake huvuka kupitia kishimo hicho. Ndiyo maana picha za mishipa huangaliwa kabla ya kisu.

Fundo la ateri na vena

Katika mwili mzima damu ya ateri hupita kwanza kwenye kapilari, mishipa myembamba kama unywele au zaidi, ambamo kasi na shinikizo lake hushuka kabla ya kuingia kwenye vena. Katika fundo la ateri na vena kapilari hazipo. Ateri humwaga damu moja kwa moja kwenye vena ambazo kuta zake ni nyembamba na hazikuumbwa kwa shinikizo hilo. Kwenye picha fundo linaonekana kama kifundo cha minyoo kilichojikunja ndani ya ubongo.

Hii ndiyo kasoro ambayo msomaji ana uwezekano mkubwa zaidi wa kukutana nayo, ingawa nayo ni adimu: watu wazima wapatao 10 hadi 18 katika kila 100,000. Dalili ya kwanza kwa wengi ni damu kuvuja ndani ya ubongo. Kwa wengine ni kifafa. Kwa wengine ni maumivu ya kichwa yanayorudia upande uleule au udhaifu unaoongezeka polepole. Mara nyingi hayo hutokea kabla ya umri wa miaka 40.

Hatari ya kuvuja hukadiriwa kuwa 2 hadi 4% kwa mwaka. Namba hiyo ni ndogo machoni, na hapo ndipo hesabu ya darasani inaposaidia. Tuchukue 3%. Nafasi ya kupita mwaka mmoja salama ni 0.97. Nafasi ya kupita miaka 30 salama ni 0.97 iliyozidishwa yenyewe mara 30, yaani takriban 0.40. Msichana wa miaka 15 mwenye fundo ana basi uwezekano wa kama 60% wa kuvuja kabla hajafika miaka 45, ikiwa hatari haibadiliki. Kwa kweli hubadilika: fundo lililokwisha kuvuja mara moja lina hatari kubwa zaidi kuliko lile ambalo halijavuja, na mzee mwenye miaka michache mbele yake ana hesabu tofauti kabisa na ya msichana huyo.

Kwa muda mrefu fundo hili lilihesabiwa kuwa ni la kuzaliwa bila mjadala. Siku hizi wataalamu hawana uhakika huo. Mwaka 2018 watafiti waliochunguza vipande vya mafundo yaliyotolewa kwa upasuaji walikuta badiliko la jeni liitwalo KRAS katika sampuli 45 kati ya 72. Badiliko hilo lilikuwa ndani ya fundo lenyewe, wala si la kurithi kutoka kwa baba au mama. Mafundo machache yameonekana pia yakikua au kujitokeza upya baada ya kuzaliwa. Kwa hiyo yawezekana mtu huzaliwa na mbegu ya fundo kuliko fundo lenyewe.

Ugonjwa mmoja wa kurithi huambatana na mafundo haya. Watu wake hutokwa damu puani mara kwa mara tangu utotoni na huwa na vidoa vyekundu midomoni na kwenye ncha za vidole. Huwapata takriban mtu 1 kati ya 5,000, na kama mmoja kati ya kumi wao ana fundo ubongoni. Mzazi mwenye ugonjwa huo humrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Kutokwa damu puani peke yake, bila hayo mengine, hakumaanishi ugonjwa huu. Watoto wengi hutokwa damu puani.

Vena ya Galen

Kasoro ya vena ya Galen ni chini ya 1% ya kasoro zote za mishipa ya ubongo, lakini kwa watoto wachanga ndiyo kali kuliko zote. Imepewa jina la tabibu Galen wa karne ya 2. Jina lenyewe limekosewa kidogo: mwaka 1989 ilionyeshwa kwamba mshipa uliopanuka si vena ya Galen ya mtu mzima bali ni vena ya kiinitete iliyopaswa kutoweka mapema.

Ateri kadhaa humwaga damu kwenye vena hiyo bila kizuizi. Tumboni mwa mama kondo la nyuma husaidia kuliweka shinikizo chini. Kitovu kikisha kukatwa, msaada huo hukoma, na moyo wa mtoto hulazimika kusukuma damu nyingi mno ambayo hurudi bila kufanya kazi. Mtoto hupumua kwa kasi, hushindwa kunyonya, hutoka jasho wakati wa kunyonya, na ini huvimba. Daktari huangalia moyo, naye ana haki, kwa sababu moyo ndio unaoshindwa. Lakini chanzo kiko kichwani. Ukiweka kifaa cha kusikilizia mapigo juu ya utosi, mara nyingi husikika mvumo unaokwenda na mapigo ya moyo.

Kwa watoto wengine moyo hustahimili, na kasoro hujulikana baada ya miezi kadhaa: kichwa hukua kuliko umri, vena za paji la uso hutuna, mtoto huchelewa kukaa au kutambaa. Hapa kuna jambo lenye uzito katika Afrika Mashariki, ambako watoto wenye vichwa vikubwa ni wengi na karibu wote wana sababu nyingine, hasa maambukizi ya utotoni au mgongo wazi. Kwa hao, kuwekewa mpira wa kupunguza maji kichwani huokoa maisha. Kwa mtoto mwenye kasoro ya vena ya Galen, mpira huo unaweza kuzidisha madhara, na inayotakiwa kutibiwa kwanza ni mishipa. Kipimo cha kutofautisha hakihitaji mashine kubwa. Wakati utosi haujafunga, ultrasaundi ya kawaida yenye uwezo wa kuonyesha mwendo wa damu, ikiwekwa utosini, huonyesha kama kilichojaa katikati ya ubongo ni maji au ni damu inayokimbia.

Mfaransa Pierre Lasjaunias na wenzake wa hospitali ya Bicêtre, karibu na Paris, walitunga alama za hadi 21 za kupima hali ya mtoto mchanga: moyo, ubongo, upumuaji, ini na figo. Mwenye alama zaidi ya 12 husubiri kwa dawa za moyo hadi afike kama miezi mitano. Wa 8 hadi 12 hutibiwa kwa dharura. Wa chini ya 8 kwa kawaida hakufanyiwa upasuaji, kwa kuwa ubongo ulikuwa umekwisha kuharibika. Matibabu ni kuziba ateri zinazolisha kwa gundi maalumu kupitia mrija mwembamba. Machi 2023 madaktari wa Boston, Marekani, waliiziba kasoro hii kwa mtoto aliyekuwa bado tumboni, katika wiki ya 34 ya mimba.

Uchunguzi na matibabu

Mreno Egas Moniz alionyesha mwaka 1927 kwamba ateri za ubongo zinaweza kuonekana katika eksirei kwa kuingiza dawa yenye rangi ndani ya karotidi. Njia hiyo, angiografia, bado ndiyo inayoaminika zaidi, ingawa sasa mrija huingizwa kwa ateri ya pajani au ya mkono. Kipimo cha CT huonyesha haraka kama damu imevuja. MRI huonyesha fundo na ubongo ulio jirani nalo. CT na MRI pia zinaweza kupangwa zionyeshe ateri zenyewe.

Fundo la ateri na vena lina njia tatu za kutibiwa: kulikata na kulitoa, kuliziba kwa gundi kutoka ndani, au kulipiga kwa mionzi iliyolengwa, ambayo hulifunga polepole kwa miaka miwili au mitatu. Tangu 1986 wapasuaji hutumia daraja za Spetzler na Martin: alama hutolewa kwa ukubwa (chini ya sentimita 3, 3 hadi 6, zaidi ya 6), kwa kuwa karibu na sehemu za usemi, mwendo au uonaji, na kwa damu kutokea kwenye vena za ndani. Daraja la 1 hukatwa kwa usalama mkubwa. La 5 kwa kawaida huachwa.

Njia ya nne ni kutolitibu fundo lenyewe. Utafiti uitwao ARUBA, uliochapishwa mwaka 2014, uligawa kwa bahati nasibu watu wazima 223 wenye mafundo ambayo hayajavuja: wengine wakapewa dawa tu za kifafa na maumivu, wengine wakatibiwa mafundo. Katika wastani wa miezi 33, kifo au kiharusi kilimpata mmoja kati ya kumi wa kundi la kwanza, na karibu watatu kati ya kumi wa kundi la pili. Matokeo hayo yalizua ubishi mkubwa. Wapinzani wanasema miezi 33 ni michache kwa ugonjwa unaohesabiwa kwa miongo, na kwamba watoto hawakuwamo kabisa. Hoja yao ina nguvu, kama hesabu ya msichana wa miaka 15 ilivyoonyesha. Bado somo moja limebaki: kupata kitu kwenye picha si sababu tosha ya kukikata.

Magonjwa yanayofanana

Katika Handeni na Korogwe, mtoto anayepata degedege ana malaria hadi ithibitike vinginevyo. Si bure kwamba Korogwe, pamoja na Bagamoyo, ilichaguliwa kuwa kituo cha majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S yaliyoanza 2009. Kwa watu wazima, kiharusi kwa kawaida ni shinikizo la damu. Utafiti uliofanyika Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulipata viharusi vipya vya kwanza 94.5 kwa mwaka katika kila watu 100,000 wa Hai, na 107.9 kwa Dar es Salaam, bila kusahihisha tofauti za umri.

Kwa mtoto aliyepooza upande mmoja, jambo la kwanza la kufikiria ni selimundu. Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huo kila mwaka, na jeni lake limeenea palepale malaria ilipoenea, kama Anthony Allison alivyoonyesha mwaka 1954 kwa damu ya watu wa Afrika Mashariki. Ateri za mtoto huyu si kasoro za kuzaliwa kwa maana halisi. Huzaliwa zikiwa nzima, kisha ncha ya karotidi ndani ya fuvu husinyaa mwaka hadi mwaka. Wakati mwingine vijimshipa vingi huota kuziba pengo, vikionekana kwenye angiografia kama moshi. Wajapani walioeleza umbo hilo waliliita moyamoya, jina linalotumika pia kwa ugonjwa wa aina hiyo usiohusiana na selimundu. Bila kinga, takriban 11% ya wenye selimundu ya aina kali hupata kiharusi kabla ya miaka 20. Lakini hiki ni kiharusi kinachoweza kutabirika: ultrasaundi ya pembeni mwa kichwa ikionyesha damu inakimbia sentimita 200 au zaidi kwa sekunde, hatari ni kubwa, na mwaka 1998 ilithibitika kwamba kuongezewa damu mara kwa mara huipunguza kwa takriban 90%. Pale ambapo damu ya kuongeza haipatikani kwa urahisi, dawa ya hidroksiyurea imekuwa ikichunguzwa kwa ajili hiyohiyo, ikiwa ni pamoja na katika hospitali ya Bugando, Mwanza. Kuwahesabu watoto hawa pamoja na wenye kasoro adimu ni kuwanyima kinga iliyopo.

Hali katika Tanzania

Mgonjwa wa Kabuku huanzia zahanati au kituo cha afya, huenda hospitali ya wilaya ya Handeni au Magunga iliyoko Korogwe, kisha Bombo mjini Tanga. Katika miaka ya 2020 serikali ilisambaza mashine za CT katika hospitali za rufaa za mikoa, na hivyo swali la kwanza, kama damu imevuja au la, linaweza kujibiwa karibu zaidi kuliko zamani. Zaidi ya hapo ni KCMC huko Moshi au Dar es Salaam, ambako Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, ndiyo kitovu cha upasuaji wa ubongo nchini. Katika miaka ya karibuni taasisi hiyo ilianza kutibu mishipa ya ubongo kwa mrija, bila kufungua fuvu, huduma ambayo awali ilimlazimu Mtanzania kwenda India au Afrika Kusini. Matibabu ya mtoto chini ya miaka mitano katika vituo vya serikali hayalipiwi kwa mujibu wa sera ya afya. Nauli, chakula na malazi ya anayemuuguza hayamo.

Ugumu mwingine uko kabla ya zahanati. Mwanafunzi anayeanguka darasani kwa kifafa bado huhesabiwa na wengi kuwa na mashetani au kuwa amerogwa, na siku za kwanza, zilizo za thamani, huishia kwa mganga. Mwalimu si tabibu, lakini ndiye anayemwona mtoto siku tano kwa wiki. Akianguka, alazwe kwa ubavu, asishikwe kwa nguvu wala kuwekewa kijiko mdomoni, na muda utazamwe kwenye saa: kifafa kinachopita dakika tano ni dharura. Yafuatayo hayafai kungojewa: kichwa kilichouma ghafla na kufikia ukali wa mwisho ndani ya dakika moja, mtetemeko unaoanza kila mara upande uleule wa mwili, mkono au mguu uliolegea baada ya kuanguka na haurudi, usemi uliopotea. Barua ya mwalimu yenye tarehe, upande ulioanza kutetemeka na muda uliochukua humsaidia daktari kuliko maelezo ya mjomba aliyeletewa habari baadaye, na upande ule ndio utakaomwonyesha sehemu ya ubongo ya kutazama kwanza kwenye picha.